Mbuzi wa Kumkondesha Mtoto

Shemeji zangu walikuja Arua Jumapili moja baada ya ibada kunishtaki kwamba namkondesha mtoto wao. Walikuja watatu, wamevaa mashati ya kanisani, wakakaa kwenye viti vya plastiki pale uani, wakakataa chai. Mtu akikataa chai nyumbani kwangu huwa najua mambo yameharibika, maana chai ya nyumbani kwangu haijawahi kuja peke yake.

Mtoto wao ni binti yangu, wa kwanza na wa pekee, mwenye miaka tisa. Kwa watu wa mke wangu, Walugbara wa Manibe, mtoto ni wa baba yake, ila juu ya mwili wake wajomba wana neno. Akiungua na uji, akivunjika mkono, akipata kovu kwa uzembe wa nyumba ya baba, wajomba wanakuja kuuliza, na baba anatoa mbuzi. Mimi ni Mkakwa wa Koboko na kwetu nako mambo hayo yapo, kwa hiyo sikuweza kujitia mgeni. Kilichoniumiza ni aina ya kosa lenyewe. Kazi yangu ni lishe. Nalipwa mshahara kuzunguka vijiji vya Koboko nikiwaeleza akina mama namna ya kulisha watoto, nikiwa na picha kubwa za maharage na mboga za majani kwapani, na kitambi kinachonitangulia mlangoni. Akina mama hunisikiliza kwa heshima. Wengine hulitazama tumbo langu kisha wakatazamana, nami hujifanya sijaona.

Ili ieleweke jinsi nilivyofika mbele ya viti vile, sina budi kueleza binti yangu alinenepaje, na hapo natamani sana kupata mtu wa kumsingizia.

Kazini tunapima watoto kwa utepe. Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, unasoma rangi. Nyekundu, mtoto yu hatarini, njano, mwangalie, kijani, mpigie makofi. Binti yangu alipokuwa mdogo nilikuwa narudi nyumbani na utepe mfukoni, namzungushia, na mke wangu na majirani wanapiga makofi. Kijani. Mwezi unaofuata, kijani kuzidi. Kwenye utepe ule kijani kikishaanza hakina mwisho. Hakuna rangi ya kusema imetosha. Sisi wote tunaofanya kazi hii huku kwetu tumezoea kutazama upande mmoja tu, upande wa mifupa, kwa sababu huko ndiko watoto walikokuwa wakifia. Mtoto akienda upande wa pili tunaita afya. Kanisani walimfinya mashavu wakisema tazama afya, na mimi nikavimba kwa sifa, kana kwamba nilikuwa na nafasi ya kuvimba zaidi.

Siku za kazi nalala Koboko kwa mama yangu. Mke wangu ni mwalimu Arua na hawezi kuhama, basi narudi kwao kila Ijumaa jioni kwa pikipiki. Kwetu mtu hatoki safari mikono mitupu, nami desturi hii niliipokea kwa mikono yote miwili. Nilirudi na sambusa, na mandazi, na biskuti za kutoka ng'ambo ya mpaka zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na soda za rangi ambazo sijaziona kwenye tunda lolote. Binti yangu alikuwa akikimbilia mfuko kwanza, halafu mimi. Mtu mwenye akili angeumia. Mimi niliongeza mfuko.

Nilimkumbuka sana siku zile za katikati ya wiki, hilo ndilo neno lenyewe. Nilikuwa nikiona mandazi Jumatatu nafikiria uso wake wa Ijumaa. Nilidhani mtoto akitafuna kile nilicholeta, basi nimekuwepo. Naye alijifunza haraka: baba hayupo, kitamu hakipo, baba yupo, kitamu kipo, na wakati baba hayupo lakini sukari ipo kabatini, ni kama baba amerudi kidogo. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye kwa daktari, kwa maneno machache zaidi ya haya, nami nikatazama ukuta.

Mama yangu naye yumo katika kesi hii, ingawa simshtaki. Mimi nilizaliwa upande wa Zaire, wakati wazazi wetu walipokimbia vita hapa Uganda wakavuka na watoto mgongoni. Mama hasimulii sana habari za huko, ila mkono wake unasimulia kila akipakua. Huko walikula haraka na walikula chote, kwa sababu hakuna aliyejua kama jioni watakuwa pale pale. Chakula cha kubeba kingeweza kuporwa njiani. Kilichokwisha kuingia tumboni hakuna askari angeweza kukidai. Kwa hiyo alitulisha kama mtu anayefunga mizigo. Nina zaidi ya miaka arobaini, nina kazi, nina paa la mabati, na hadi leo nikikaa mbele ya sahani nakula kama lori la kutuhamisha linawasha injini. Mama huniongezea nikiwa bado natafuna. Nikimwambia nimeshiba huniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo, mtu akitaka sababu za mtoto wangu kunenepa, anaweza kuzitafuta kwenye mafuta, kwenye soda, kwenye kukaa darasani kutwa na kurudi nyumbani kukaa tena. Zote zipo. Mimi nazifundisha, nina picha zake. Ila kwa upande wetu zilipanda juu ya jambo la zamani zaidi, la nyumba inayoogopa kesho na baba anayependa kwa mfuko.

Shingo ndiyo iliyotushtua. Binti yangu alianza kuwa na weusi nyuma ya shingo, kama kola. Mke wangu akasema ni uchafu, mtoto haogi vizuri. Tukamsugua. Mimi mwenyewe, mwalimu wa afya, nilikaa uani na dodoki na sabuni ya kufulia nikamsugua mwanangu shingo mpaka akalia, na weusi haukutoka. Wiki iliyofuata nikamsugua tena. Shuleni wenzake walikuwa wakimwita mchafu, nasi nyumbani tulikuwa tukikubaliana nao kwa dodoki. Nikikumbuka kilio kile huwa natamani kujificha, na mtu wa mwili wangu hana pa kujificha.

Daktari tuliyempelekea alikuwa mwanamke kijana tu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimtazama shingo akasema huo si uchafu. Ni mwili unalalamika kwamba sukari imeuzidi. Akamtoa damu. Majibu yalipokuja akatuambia bado hajafika kwenye ugonjwa, ila yuko mlangoni. Akatupa miezi mitatu ya kubadilisha namna ya kula, kisha apimwe tena. Ikiwa sukari haijashuka, mtoto ataanza dawa, na dawa hizo akizianza akiwa na miaka tisa atazeeka nazo.

Mke wangu aliposikia neno sukari alilia pale pale. Mama yake mzazi aliugua sukari. Ilianza na kidole cha mguu, ikapanda, wakakata hadi chini ya goti, na mwaka haukuisha tukamzika Manibe. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na njiani kurudi nilinunua mahindi ya kuchoma.

Halafu daktari akanigeukia mimi. Akaniuliza ni nani hununua vitu vitamu, ni nani hula pamoja na mtoto, na kama ningependa kupanda kwenye mizani. Nikasema tumekuja kwa ajili ya mtoto. Akasema anajua. Alieleza taratibu kwamba kuna watu ambao vitu vitamu na vya mafuta huwashika jinsi pombe inavyomshika mlevi. Si ulafi, si kukosa adabu, na kumchapa mtoto hakusaidii. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuacha, lakini si katika nyumba ambayo baba yake bado anakunywa. Alisema hivyo hasa, anakunywa, nami ni mtu wa kanisa ambaye sijaonja hata pombe ya mtama.

Tulianza siku ile ile. Sukari ikatoka mezani, soda zikaisha, mfuko wa Ijumaa ukawa na machungwa. Binti yangu aliutazama mfuko wa kwanza wa machungwa kama mtu aliyeletewa viatu vya mtu mwingine. Alisema asante. Siku za mwanzo alikuwa mkali, akalia kwa mambo madogo, akamtupia paka kitabu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa natafuta rula, nikafungua mkebe wake wa hesabu, nikakuta sukari imejaa mahali pa bikari. Alikuwa akilamba kidole na kuchovya, darasani, chini ya dawati. Nilimwita nikiwa nimejiandaa kukasirika. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hataki, mkono ndio unaokwenda wenyewe.

Sikuweza kukasirika, kwa sababu mkono ule naufahamu. Ninao wawili.

Hapa ndipo habari ya koti la mvua inapoingia. Pale Koboko, karibu na ninapotokea barabara kuu, pana kijana mwenye jiko la chapati. Anapiga mayai na vitunguu kwenye kikombe, anakaanga, anaviringisha ndani ya chapati, kitu ambacho Uganda nzima inakiita roleksi. Kila Ijumaa nilijiambia moyoni kwamba leo nitampita. Kila Ijumaa pikipiki ilisimama. Nilijipa sababu: safari ni ndefu, upepo unatoa njaa, kinacholiwa umesimama hakihesabiwi. Nyumbani nilikuwa nakula mboga za majani na kipande cha enya, ule ugali wao wa muhogo na mtama, huku mke wangu akinisifu mbele ya mtoto kwa kuwa mfano mwema. Kwa hiyo roleksi zilisafiri kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua, mvua iwepo isiwepo, na kabla ya kuingia mjini, upande wa Manibe, nilisimamisha pikipiki kando ya barabara, nikaipa pikipiki mgongo, nikala nikitazama mashamba ya watu. Koti lilianza kunuka mafuta. Mbwa wa jirani alinipenda ghafla.

Nilichagua Manibe kwa sababu kuna mahali ambapo barabara imepinda na hakuna maduka. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba Manibe ni kwa shemeji zangu, na kwamba mashamba yale niliyokuwa nikiyatazama yana wenyewe, na wenyewe wana macho.

Kuna kosa lingine, na hili lilikuwa kubwa zaidi. Sikuwaambia wajomba. Kwa desturi, mtoto akiugua ugonjwa wa maana, baba hutuma neno upande wa mama. Mke wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikisema nitakwenda wiki ijayo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Ningewaambiaje wakulima wale wembamba kwamba mimi, mtu wa lishe, ninayekuja misibani kwao na kutoa hotuba kuhusu vyakula vya kujenga mwili, nimejenga mwili wa mtoto wao mpaka umekaribia kubomoka?

Mwezi wa pili binti yangu alianza kupungua. Uso ulipata umbo, akawa anapanda ngazi za shule bila kusimama katikati. Alipungua kwa kazi yake mwenyewe, na mimi nilipendezwa kiasi kwamba nilikaribia kujipongeza. Ndipo pakatokea msiba huko Ombaci, wa shangazi wa mke wangu. Mke wangu alikwenda na mtoto. Wanawake walipopakua, binti yangu alikula kidogo akasema inatosha. Wakamwongezea, akarudisha. Mmoja akamshika mkono, mwingine akamfunua shati kutazama mbavu. Kabla jeneza halijashuka, habari ilikuwa imekwisha kuenea: mtoto wa dada yetu amekwisha, baba yake Mkakwa hampi chakula.

Basi wakaja. Mkubwa wao, kaka wa kwanza wa mke wangu, ni mtu mrefu asiyepaza sauti. Kwa kuwa mimi Kilugbara changu ni cha kuombea maji tu, na wao Kikakwa hawana, kati yetu tunasema Kiswahili cha hapa, kile cha sokoni na cha askari, ambacho hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho.

"Shemeji, sisi hapana kuja gombana," alisema. "Mutoto yetu nakonda. Sisi nataka jua: chakula hakuna, ama wewe nakataza?"

Nilianza vizuri. Nilieleza makundi ya vyakula. Nilieleza sukari inavyoingia kwenye damu, nikatumia mikono, nikataka hata kwenda kuleta picha zangu. Mwili wangu wote ulikuwa ukiyumba kwa elimu. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile ya akina mama wa Koboko. Kisha mdogo wao, ambaye tangu nimuoe dada yake amekuwa akinitania, aliinama mbele akaninyooshea kidole tumboni. Siku hiyo hakuwa anatania.

"Kama hii chakula iko mbaya," aliuliza, "tumbo yako wewe nakula nini?"

Nikavuta shati chini. Naye akaendelea, kwa utaratibu kabisa, kwamba Ijumaa ile, na Ijumaa ya kabla yake, na nyingine kabla ya hiyo, mtu wao aliyekuwa shambani aliniona nimesimama kando ya barabara nakula peke yangu, haraka, kama mwizi, nikafuta mdomo kwa koti, nikapanda pikipiki kuelekea nyumbani kwa mtoto anayekonda.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua habari ya koti. Alinitazama mara moja tu, na uso ulinishuka mpaka sijui uliishia wapi. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na miguu ya mama yake. Yeye hakushangaa hata kidogo. Ndipo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua siku zote. Mtoto anayekuja kunikumbatia Ijumaa, pua yake inafika sawasawa na mfuko wa ndani wa koti.

Mke wangu ndiye aliyeniokoa, ingawa sikustahili. Aliwageukia kaka zake akasema nao kwa lugha yao, polepole, na nilisikia neno la mama yao, na neno la mguu. Alimwita mtoto, akamgeuza, akainua nywele, akawaonyesha shingo. Weusi ulikuwa umeanza kufifia lakini bado ulionekana. Mkubwa wao alisogeza kiti akautazama kwa muda. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu.

"Ugonjwa ya mama yetu naingia kwa mutoto," aliniambia, "na wewe nanyamaza?"

 Wakajitenga kidogo chini ya nyaya za kuanikia nguo wakazungumza, wakarudi na hukumu. Kumkondesha mtoto si kosa, maana ni tiba. Kosa ni kuficha. Mwili wa mtoto ulipata hatari na wenye mwili hawakuambiwa. Kama mtoto angekufa wangesikia kwa watu. Mbuzi nitatoa. Na kwa kuwa mambo yamekwisha kwa amani, mbuzi ataliwa hapo hapo, siku hiyo hiyo, na chai sasa wangekunywa.

Nikiri kwamba nilihukumiwa kwa haki, na kwamba pamoja na aibu yote niliyokuwa nayo, niliposikia mbuzi ataliwa hapo hapo, kitu fulani ndani yangu kilifurahi. Nilikwenda mwenyewe kumnunua. Nilichagua mnene.

Jioni ilipokaribia tuliketi. Palikuwa na nyama ya kuchemsha na mchuzi wake, ini la kuchoma, enya kwenye sahani kubwa, na mboga za kunde zilizopikwa na karanga, ambazo mke wangu huzipika watu wakataka kuomba ndoa upya. Mtoto aliyekosewa ndiye anayepakuliwa kwanza. Mkubwa wa wajomba alipakua kwa mkono wake. Alikuwa ametoka kusikia habari za sukari, alikuwa amelia kwa ajili ya mama yake, na bado mkono wake ulijaza sahani ile mpaka nyama ikaegemea nyama. Naye mkono wake ulikuwa na mambo yake. Katika nyumba zetu hizi mtoto mliyemwonea huruma mnamlisha. Njia nyingine ya kumhurumia hatukufundishwa.

Jumatano iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa damu tena. Mimi nilijua, mke wangu alijua. Ningepaswa kusema kitu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Watu wote walimtazama ale. Alianza na mboga. Akala ini, akala vipande vya nyama, akatafuna taratibu jinsi daktari alivyomwonyesha, akaweka mkono kwenye mapaja katikati ya tonge na tonge. Nilikuwa namtazama huku nakula, na nilikuwa nakula upesi, na nilianza kuogopa. Nilijua ni nini kinachotokea ndani yake. Nilijua ile sauti inayosema kimoja tu tena, wajomba wamekuja, leo si siku ya kawaida, kesho utaanza upya. Mimi sauti hiyo sijawahi kuishinda hata siku moja, na kama angeshindwa nayo pale, mbele ya watu wanaompenda, wote tukimhimiza, nani angekuwa na uso wa kumwambia kitu?

Sahani ilikuwa haijafika nusu alipoacha. Alisema kwamba ameshiba. Mjomba mkubwa akamwambia amalize, mbuzi ni wake. Akatikisa kichwa. Nikaona mashaka yanarudi kwenye nyuso zao. Mjomba aliweka tonge lake chini.

"Baba nakataza wewe?"

"Hapana, mjomba." Hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake iliyokuwa na mafuta. "Kula, baba ndiyo nafundisha mimi. Kuacha, mimi najifunza peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anawaeleza tu, jinsi mtu anavyoeleza njia ya kufika sokoni. Kisha akaisukuma sahani mbele yangu, kwa sababu katika nyumba yetu tangu azaliwe mabaki yake nimekuwa nikiyamaliza mimi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yanaweza kwenda kwingine. Nyama ilikuwa bado inatoa mvuke. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka, nao ulikuwa umefika ukingoni mwa sahani.

Kuna jambo ambalo mwenye nyumba hafanyi mbele ya wageni, hasa wakwe. Hanawi mikono kabla yao. Ukinawa wa kwanza umewaambia wageni chakula kimekwisha, inukeni muende. Mimi nilivuta mkono, nikasema kwamba hata mimi nimeshiba, nikaomba maji. Shemeji yangu mdogo alitazama kaka zake akasema hilo nalo linaweza kudai mbuzi wake. Nikasema sawa, mbuzi atakuja.

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimeshiba, sikumbuki siku niliyowahi kushiba. Binti yangu alijua ni uongo, maana katika nyumba ile yeye peke yake ndiye anayejua uongo huo unavyouma ukiwa mdomoni. Aliinuka akaleta birika na beseni, akapiga goti mbele yangu, akaanza kunimiminia maji kwenye mikono, kidogo kidogo, akiyabana maji ili yasije yakaisha mapema, mikono yangu ikarudi kwenye sahani.